Diski Tatu za Kuanzia na Upepo wa Makurunge

Katika gofu ya diski, taabu za mgeni huanza siku ya kununua. Anachukua diski iliyoandikwa 12 kwa sababu ameambiwa inakwenda mbali, anasimama kwenye uwazi wa nyasi, anaitupa kwa nguvu zote alizojaliwa. Diski inapanda, inasita hewani, inakata kushoto na kuanguka mita 30 mbele yake. Anairudia, mambo ni yale yale. Mwisho anasema hana mkono wa mchezo huu. Mkono anao, na pengine mzuri tu, ila amebeba diski iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe hauna mafumbo. Kanuni ni zile zile za gofu: unaanzia mahali palipopangwa, unarusha kuelekea shabaha, unakwenda ilikoangukia diski, unarusha tena kutoka hapo, na anayemaliza kwa mitupo michache ndiye mshindi. Shabaha rasmi ni kikapu cha chuma chenye minyororo inayoidaka diski na kuiangusha ndani. Kikapu hicho ni kazi ya Ed Headrick, Mmarekani aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Wham-O, ambaye mwaka 1976 alianzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA. Lakini mwaka 1975, alipotengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California, shabaha zilikuwa nguzo tupu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilenga miti na mapipa ya taka. Kwa hiyo anayetaka kuanza Makurunge hana haja ya kungoja mfadhili alete vikapu. Shina la mwembe linatosha, na fedha ya kikapu itumike kwenye diski.

Nimeichagua Makurunge kwa sababu ardhi yake inaulazimisha uchaguzi wa diski kuwa suala la kufikiriwa. Ukitoka Bagamoyo kwa barabara ya Msata, hapo ndipo penye njia panda ya kuelekea Saadani, Pangani hadi Tanga. Ni tambarare za karibu na Mto Ruvu: uwazi wa nyasi, vichaka, mikoche, mibuyu hapa na pale, mashamba ya miwa, na ukisogea kuelekea Kiwangwa unakutana na mananasi. Hakuna mlima wa kukinga upepo wala msitu mnene wa kuupunguza. Vitabu vya kumfundisha mgeni vimeandikwa zaidi na watu wanaocheza kwenye bustani zenye miti mirefu na majani yaliyofyekwa. Ushauri wao ni mzuri, ila unahitaji kupimwa upya pwani.

Tuanze na frisbi, maana wengi wameshaishika. Wham-O ilianza kuuza sahani ya kurusha ya Fred Morrison, iliyoitwa Pluto Platter, mwaka 1957. Mjukuu wake wa leo ni ile diski pana ya mchezo wa ultimeti, yenye gramu 175 na upana wa takriban sentimita 27, inayorushwa na vijana wa Nairobi na Kampala wikiendi. Hiyo imeundwa ili idakwe. Ukingo wake ni mviringo na mnene, inaelea taratibu, mtu anaikimbilia na kuifikia. Diski ya gofu haidakwi, na ikikupata kwenye mbavu utajua kwa nini. Ni ndogo, sentimita 21 na ushei, na uzito wake umesukumwa pembezoni. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1983, Dave Dunipace na wenzake wa kampuni mpya ya Innova walipotoa diski iitwayo Eagle, ambayo ukingo wake ulichongwa kwa mshazari ukawa mwembamba kwa nje. Ukingo uliochongeka hukata hewa, ule wa mviringo huisukuma. Diski zote za masafa zilizofuata zimetokana na wazo hilo.

Ukingo huo unaweza kuupima kwa kidole, bila kusoma maandishi yoyote. Igeuze diski tumbo juu, uweke ncha ya kidole cha shahada juu ya ukingo, kutoka ukuta wa ndani mpaka makali ya nje. Kwenye diski ya kumalizia, ile ya kutilia kikapuni, ukingo una upana wa karibu sentimita 1, hata haujafika kwenye kiungo cha kwanza cha kidole. Kwenye diski ya kasi unapita sentimita 2, na mkono mdogo utaona taabu hata kuufumbata. Sheria za PDGA zinaishia sentimita 2.6. Kadiri ukingo unavyopanuka ndivyo diski inavyodai kurushwa kwa kasi zaidi. Mtu anayeuza diski za mitumba asiyejua anachouza hatakudanganya ukishakuwa na kipimo hicho.

Sasa namba. Diski nyingi zina tarakimu nne mgongoni, utaratibu ulioenezwa na Innova na kuigwa na karibu kila kampuni. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au 15. Ya pili ni kuelea, yaani inakaa hewani kiasi gani, kuanzia 1 hadi 7. Ya tatu ni kupinda, nayo mara nyingi ni sifuri au namba hasi: kwa anayetumia mkono wa kulia na kurusha kwa mgongo wa mkono, hasi 3 maana yake diski ikiwa bado na kasi itaelemea kulia sana. Ya nne ni kurejea: kasi ikiisha, diski itakata kushoto kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Kwa mwenye mkono wa kushoto pande zinabadilishana, na vivyo hivyo kwa anayerusha kwa kiganja kikitangulia, kama wachezaji wengi wa ultimeti.

Namba hizo si vipimo vya maabara. Kila kampuni hujipangia zake, na PDGA inapoidhinisha diski inakagua upana, uzito, ukingo na ugumu, haihusiki na tarakimu za mgongoni. Diski mbili zenye namba zile zile kutoka kampuni mbili zinaweza kutofautiana waziwazi. Zaidi ya hapo, namba zinaeleza diski itakavyokwenda ikirushwa kwa kasi iliyokusudiwa. Kwa mgeni, namba ya kupinda ni kama haipo kabisa. Diski ya 12 yenye kupinda hasi 1 na kurejea 3, mikononi mwake, haipindi hata chembe. Inarejea tu, tena mapema.

Sababu iko kwenye mzunguko. Diski inaruka kwa sababu hewa inaibeba kama bawa, na haipinduki kwa sababu inazunguka. Inapopoteza kasi huanza kushuka huku pua ikibaki juu, na hewa ya chini huisukuma zaidi sehemu ya mbele kuliko ya nyuma. Kitu kisichozunguka kingebinuka kwenda nyuma. Kinachozunguka hupokea msukumo huo na kuutoa robo ya duara mbele yake, kwa hiyo badala ya pua kuinuka, diski hulala upande. Ikiwa inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu, italala kushoto. Mwanzoni mwa safari, kasi ikiwa kubwa na diski ikiwa imenyooka, kani hugeuka kinyume na diski huelemea kulia. Diski ya kasi imechongwa ili isipinduke kulia hata ikirushwa kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mgeni anairusha kwa 60 au 70. Kwake yeye kila sehemu ya safari ni mwisho wa safari. Ni kumfungia mtu tela la lori kwenye bodaboda na kumlaumu kwamba hapandi mlima.

Na kama pua ya diski iko juu tangu inatoka mkononi, kosa ambalo karibu kila anayeanza analo, diski yenye ukingo mpana humwadhibu mara mbili. Diski ya polepole yenye kuelea vizuri husamehe kidogo, na isiposamehe huonyesha kosa liko wapi. Hili la pili ndilo kubwa kwangu. Ukirusha diski hiyo ikatetemeka hewani, unajua kwamba mkono uliyumba. Ikipanda, unajua kwamba pua ilikuwa juu. Diski ya kasi huficha yote hayo kwenye ule mkato wake wa kushoto, na mtu anaweza kuirusha mwaka mzima asijue kasoro yake ni ipi.

Kinachowapotosha watu ni video. Mchezo huu sasa una nyota wake. Mwaka 2021 Paul McBeth alisaini na kampuni ya Discraft mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10, na kampuni haimlipi mtu fedha hizo ili auze diski za kumalizia peke yake. Diski ya masafa yenye jina lake, Zeus, ni ya kasi 12. Rekodi ya dunia ya umbali, mita 338 aliyoiweka David Wiggins Jr. mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, ilirushwa ikifuata upepo mkali, na mtu aliyetumia utoto wake wote kwenye kazi hiyo. Kijana anayetazama hayo kwenye simu akiwa Bagamoyo hawezi kulaumiwa akitamani diski ya 12. Lakini kwa miezi ya mwanzo, akifikisha mita 50 au 60 zilizonyooka, si haba hata kidogo, na diski ya kasi 5 inaufikia umbali huo bila shida.

Basi anunue nini? Tatu zinatosha, na nikilazimishwa nitasema hata mbili. Ya kwanza ni ya kumalizia, kasi 2 au 3. Aviar ya Innova na Judge ya Dynamic Discs ndizo zinazotajwa kila mahali, na umaarufu huo ni wa haki: zinakwenda zilikoelekezwa na kutua bila mbwembwe. Ya pili ni ya masafa ya kati, kasi 4 au 5. Shark ya Innova ni ya kutegemewa, Buzzz ya Discraft imeenea kuliko karibu diski yoyote ya aina yake, na Mako3 ina kupinda 0 na kurejea 0, yaani inakwenda jinsi ulivyoirusha, kwa heri au kwa shari. Ya tatu ni ya masafa lakini ya chini katika kundi lake, kasi 6 au 7, yenye kuelea sana na kupinda hasi: Leopard ya Innova, au River ya Latitude 64. Pakiti nyingi za kuanzia zina diski tatu za mpangilio huo huo, kwa mfano Aviar, Shark na Leopard, na kwa kawaida ndizo zenye bei nafuu.

Wapo makocha wanaosisitiza mtu aanze na ya kumalizia peke yake kwa miezi kadhaa, airushe hata kwa umbali. Hoja yao ina nguvu: ile diski haikubali uongo. Kwa uwazi wa Makurunge, hata hivyo, kama fedha ni ya diski moja tu, ningechukua ya masafa ya kati. Inatosha kutilia shina la mwembe kwa mita 10, inafika mbali kidogo, na haitupwi hovyo na upepo kama ile ya kumalizia yenye ukingo wa mviringo.

Kuhusu plastiki, hapa ndipo ushauri wa kigeni unapobadilika zaidi. Kampuni huuza umbo lile lile kwa plastiki mbalimbali. Ya chini, ambayo Innova huiita DX na Discraft huiita Pro-D, ni ya bei ndogo, inashikika vizuri, lakini inachakaa haraka. Za juu kama Star, Champion, ESP na Z hustahimili mapigo. Kwenye viwanja vya mawe watu hushauriwa kununua za juu. Ila udongo wa Makurunge ni mchanga na mfinyanzi, mawe ni ya kutafuta, hivyo adui mkuu wa diski ni mashina ya miti. Kisha kuna jasho. Unyevu wa pwani hufanya plastiki ngumu ing'aayo iteleze mkononi kama samaki, na ile ya bei ndogo hushikika hata saa nane mchana. Kwa hiyo chukua ya bei ndogo, na kipande cha khanga kuukuu cha kufutia, kitundikwe kiunoni.

Uchakavu wenyewe una faida yake. Pitisha dole gumba polepole kwenye makali ya DX iliyotumika msimu mmoja: utahisi mikwaruzo midogo, vinyuzi vya plastiki vilivyoinuka, na pengine kidonda kimoja kirefu mahali ilipogonga mti. Makali yakishalegea hivyo, diski hupinda zaidi na kurejea kidogo, maana yake inakuwa rahisi kwa mkono wa polepole. Mgeni anayepewa diski kuukuu na rafiki anayerudi Ulaya asione kama ametupiwa makapi. Amepewa diski ambayo kazi ya kuilainisha imekwishafanywa na mwingine. Achunguze tu kama imepinda: iweke juu ya meza, itazame kwa usawa wa jicho. Ikiyumba kama sahani iliyobonyea, ilisahauliwa kwenye gari lililofungwa vioo juani, na hapa pwani jua la dashibodi halihitaji mchana mzima.

Uzito una kanuni yake: gramu zisizidi 8.3 kwa kila sentimita ya upana, ndiyo sababu diski ya sentimita 21.2 huishia karibu na gramu 176. Wageni hushauriwa kuchukua nyepesi, gramu 150 hivi, kwa kuwa ni rahisi kuzipa mwendo. Kwa mtoto ni sawa kabisa, hata 140. Kwa mtu mzima kwenye uwazi wenye upepo, ningepanda mpaka kati ya 165 na 172. Diski ya kumalizia iwe nzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayorushwa polepole na ndiyo inayochezewa na upepo.

Rangi inaonekana ni upuuzi mpaka siku ya kwanza ya kutafuta. Baada ya masika nyasi zinafika magotini, na diski ya kijani ni kama hukuinunua. Kiangazi nyasi zikikauka, njano na chungwa zinazopendwa madukani zinajificha kwenye rangi ile ile ya makuti na majani makavu. Waridi kali au buluu angavu huonekana misimu yote miwili. Andika namba yako ya simu kwa upande wa chini kwa kalamu isiyofutika. Ikiingia kwenye miwa, muombe mwenye shamba. Ikiingia Ruvu, iache: diski nyingi za gofu huzama, na mto ule una mamba.

Limebaki suala la upepo, ambalo pwani linastahili nafasi kuliko namba zote. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi hivi, kusi kwa sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, na juu ya hizo mbili kuna upepo wa baharini wa kila mchana unaosikika hadi Makurunge. Alfajiri na asubuhi mapema ndiyo saa ya utulivu. Ajifunzaye mrusho ajifunze wakati huo, na mchana ajifunze upepo.

Diski haina habari na ardhi. Inachokijua ni kasi ya hewa inayoipiga usoni. Ukirusha kwa kilomita 60 kwa saa kuukabili upepo wa kilomita 20, diski inaruka kama iliyorushwa kwa 80. Inapanda zaidi na kupinda kulia zaidi. Ile Leopard iliyokuwa ikinyooka vizuri saa moja asubuhi itapinduka na kuzama kulia saa tisa alasiri, na mgeni atadhani mkono umeharibika. Siku hiyo arudi kwenye Shark, ambayo kurejea kwake ni 2, airushe chini, usawa wa kifua, bila kuongeza nguvu. Kuongeza nguvu dhidi ya upepo ni kuongeza tatizo lile lile.

Ukirusha ukifuata upepo mambo yanageuka. Diski inahisi kama imerushwa kwa 40, haielei, inarejea kushoto mapema na kudondoka. Hapo ndipo Leopard inapata kazi yake: kupinda kwake hasi na kuelea kwake huirudishia kile ilichonyang'anywa na upepo. Irushe juu kidogo kuliko kawaida. Upepo wa ubavuni ni mgumu zaidi kuueleza, lakini kanuni yake ni kutazama tumbo la diski. Mwishoni mwa safari diski imelala kushoto na tumbo limeelekea kulia. Upepo ukitoka kulia unalipiga tumbo hilo, unaibeba diski juu na kuipeleka kushoto mbali sana. Ukitoka kushoto unaupiga mgongo na kuiangusha chini kama kofi.

Zoezi la kuyaona yote haya halina gharama. Chagua miti miwili iliyoachana kama mita 40, mmoja upande wa bahari, mwingine upande wa bara. Alasiri, rusha diski tatu kutoka mti wa kwanza kwenda wa pili, ukaziokote na kurusha kurudi. Safari ya kwenda inafuata upepo, ya kurudi inaukabili. Usibadilishe mrusho. Tazama tu ni ipi inayobadilika sana kati ya kwenda na kurudi, na ipi haijali.

Diski ya nne itakuja yenyewe, na dalili yake inaonekana kwa macho. Siku Leopard, katika asubuhi tulivu, itakapoanza kupinda kulia kila unapoirusha na kusahau kurejea, kasi ya mkono imeipita diski. Hapo nunua ya kasi 9 yenye kurejea 2, kama Escape ya Dynamic Discs. Ile ya 12 uliyonunua mwanzo usiiuze. Inafaa kuwekea alama ya mahali pa kuanzia.